Dakika 9 kuwaka, dakika 6 kuzima: usinunue kompyuta nyengine bado

Swali

"Assalaam alaykum fundi. Nina duka la steshenari hapa Wete: fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti, kuwajazia watoto wa skuli fomu za mtandaoni. Kompyuta yangu ni ya mezani, nimeinunua mtumba, Windows 10, ram GB 4, diski GB 500 ya kawaida. Asubuhi naiwasha, nafagia, napanga karatasi, nakunywa chai, ndiyo kwanza inataka kuniruhusu. Juzi niliipima: dakika 9. Jioni nikiizima inakaa na maandishi ya Shutting down dakika 5 au 6, na mara nyingi nachomoa waya ili niwahi kufunga kabla ya magharibi. Fundi wa mjini ameshaipiga Windows mpya mara mbili. Wiki mbili tatu inakuwa nyepesi, kisha yale yale. Sasa anasema imechoka, ninunue nyengine. Mpwa wangu naye anasema niondoe kinga ya virusi yote, ndiyo inayoila. Nishike la nani?"

Jibu

Wa alaykum salaam, dada yangu. Usimshike yeyote kwanza. Mashine iliyochoka haipumziki wiki tatu kwa kupigwa Windows, kisha ikachoka tena. Fundi wako mwenyewe ameshaonesha mara mbili kuwa chuma kinakwenda. Asichokitazama ni vile anavyovirudisha ndani baada ya kupiga Windows: programu ya printa, ya skana, kinga ya virusi, ya hesabu, ya kupakulia video. Kila moja inaingia na wafuasi wake, na wafuasi hao hawaonekani kwenye skrini. Hao ndio unaowasubiri huku unakunywa chai.

Tuwaite huduma, maana Windows yenyewe inawaita hivyo. Huduma ni programu isiyo na dirisha. Hukuifungua wewe na huwezi kuifunga kwa ile alama ya msalaba pembeni. Inaanza kabla hujaandika neno lako la siri, inakaa chinichini siku nzima, na jioni ndiyo ya mwisho kutoka. Foleni ya kuchapisha ni huduma. Sauti ni huduma. Saa inayojirekebisha kutoka mtandaoni ni huduma. Windows 10 peke yake inakuja na zaidi ya mia, nyingi zimelala zikingoja kuitwa, na hizo hazina neno. Wanaoleta tabu ni wageni, waliokuja na printa na vyenginevyo, kwa sababu kila mwenye programu anaamini yake ndiyo inayostahili kuamshwa mwanzo asubuhi.

Huduma zote zina msimamizi mmoja, faili lake linaitwa services.exe. Asubuhi anaita majina. Huduma ikiitwa inatakiwa iitike. Isipoitika, msimamizi anaisubiri sekunde 30, anaandika kwenye daftari kuwa fulani hakuitika, ndipo anaendelea. Huduma nne za namna hiyo zikisubiriwa moja baada ya moja, dakika 2 zimekwenda na hakuna kazi yoyote iliyofanyika.

Na hapa pana kitu unaweza kukitazama kesho asubuhi bila kufungua programu yoyote: ile taa ndogo ya diski mbele ya kasha. Ikiwa inawaka mfululizo bila kupepesa, diski inafanya kazi mpaka inahema. Watu wengi wanagombania mlango mmoja. Ikiwa imetulia, inapepesa mara moja moja, na wewe bado unatazama duara linazunguka, basi mashine haina kazi inayofanya. Inasubiri kitu. Hali hizi mbili dawa zao ni mbalimbali kabisa, na fundi anayekuambia "imechoka" bila kutazama ile taa amebahatisha.

Kabla hujapima tena, jua jambo ambalo wateja wangu wengi hawaliamini mpaka niwaoneshe: ukibonyeza Shut down, Windows 10 haizimi kikamilifu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna utaratibu unaitwa Fast Startup. Unapozima, programu zako zinafungwa na wewe unatolewa, lakini kiini cha Windows pamoja na huduma na viendeshi vyake (programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuongea na vifaa) vinagandishwa kama vilivyo na kuandikwa kwenye diski, ndani ya faili la hiberfil.sys. Asubuhi vinayeyushwa. Ni jambo zuri, mashine inawaka upesi. Lakini samaki ukimgandisha ameshaanza kunuka, ukimyeyusha bado ananuka. Huduma iliyokwama Jumatatu inaweza kuamka Jumanne imekwama vile vile, ukasema "nimeizima na kuiwasha mara kumi". Hukuizima. Kinachozima kweli ni Restart, au kubonyeza Shut down huku umeshikilia kitufe cha Shift.

Sasa fikiria unachokifanya jioni. Windows iko katikati ya kufunga, pengine inaandika faili lile, wewe unachomoa waya. Asubuhi hakuna cha kuyeyusha, kwa hiyo inaanza kila kitu upya, na pengine inapita kwanza kukagua diski kuona kilichovunjika. Sehemu ya zile dakika 9 umezitengeneza mwenyewe jana yake saa kumi na mbili. Sikulaumu, visiwani humu tumelelewa na umeme wa kukatika. Unguja ilikaa gizani miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika, na kompyuta nyingi nilizotengeneza miezi ile ziliuliwa na majenereta yaliyozimwa ghafla. Tabia ya kuchomoa ikatubakia. Kwa wiki moja tu nakuomba uiache.

Chukua simu, fungua saa ya kupimia, bonyeza Restart, anza kuhesabu skrini ikishazimika, uandike nyakati tatu: duara la Windows lilipotokea, mahali pa neno la siri palipotokea, na ulipoweza kufungua Word ikakubali kuandika. Usiandike pale picha ya mezani ilipoonekana. Picha inakuja mapema kukutuliza moyo.

Muda wa kabla ya duara haumhusu mtu yeyote kati ya hao tunaowatafuta. Hapo Windows bado haijaanza, mashine inatafuta iwakie wapi. Mimi nimeshapanda boti mpaka Mkoani kwa ajili ya mashine "nzito" ambayo kosa lake lilikuwa fleshi ya mteja iliyosahauliwa nyuma ya kasha. Kila asubuhi mashine ilikuwa inaiuliza kama ina Windows ndani. Nililipwa nauli na samaki.

Muda wa kutoka duara mpaka neno la siri ni wa huduma na viendeshi. Muda wa baada ya neno la siri ni wa programu zinazojifungua zenyewe wewe ukishaingia, pamoja na huduma zilizopangwa kuchelewa. Watu wanachanganya hivi viwili: wanaondoa kila kitu kwenye orodha ya Startup, kisha wanashangaa mbona kabla ya neno la siri bado inakaa dakika 4. Orodha ya Startup haina habari na mambo ya kabla ya neno la siri.

Ukishajua muda umekwama wapi, usibahatishe. Windows ina daftari la mahudhurio na inaliandika kila siku, hata kama hakuna anayelisoma. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, bonyeza Enter. Upande wa kushoto fungua Applications and Services Logs, ndani yake Microsoft, ndani yake Windows, shuka mpaka Diagnostics-Performance, ubonyeze Operational. Lina mambo mengi, usitishike na alama nyekundu. Hata mashine nzima inazo. Wewe tafuta namba.

Tukio namba 100 ni kuwaka. Ndani yake pana muda kwa milisekunde, na milisekunde elfu moja ni sekunde moja, kwa hiyo ukiona kama 540,000 hizo ndizo dakika zako 9. Namba 101 inataja programu iliyochelewesha, 102 kiendeshi, 103 huduma. Upande wa kuzima, 200 ni muda wenyewe, 201 programu iliyokataa kutoka, 203 huduma. Kila moja ina jina la faili na imechelewa kiasi gani. Kisha rudi juu, fungua Windows Logs, halafu System, utafute mistari iliyoandikwa Service Control Manager. Huyo ndiye msimamizi wetu. Namba 7000 ni huduma iliyoshindwa kuanza, 7009 na 7011 ni zile alizozisubiri mpaka muda ukaisha, 7022 ni iliyoganda katikati ya kuanza.

Soma kurasa za wiki nzima. Siku moja inaweza kuwa na kisa chake: sasisho limeingia usiku, diski ilikuwa inakaguliwa. Jina linalojirudia asubuhi tano kati ya sita, huyo umempata.

Sijaiona mashine yako, lakini nimeona za steshenari nyingi, Mlandege na Mwanakwerekwe na huko kwenu Chake, na nakuwekea nadhiri kwamba utakutana na makundi matatu.

Kundi la kwanza ni printa. Printa ili ichape inahitaji vitu viwili tu: kiendeshi chake na ile huduma ya Windows inayoitwa Print Spooler. Lakini CD iliyokuja nayo inaweka zaidi: mmoja wa kutazama wino umebaki kiasi gani, mmoja wa kuuliza sasisho, mmoja wa kusikiliza kitufe cha kuskani, mmoja wa kukushauri ununue wino wa asili. Na wewe huna printa moja. Umepitia mbili tatu, ya mwanzo ilikufa, ya pili umeiuza, lakini wafuasi wao wamebaki wanamtafuta bwana wao kila asubuhi. Nenda kwenye orodha ya programu, ondoa kila cha printa ambayo haipo tena mezani. Ya printa uliyonayo, ondoa mapambo, bakisha kiendeshi.

Ukiwa hapo hapo kwenye printa, safisha na foleni. Kazi iliyokwama nusu, mteja alichapisha kurasa 80 karatasi ikabana, inaweza kukaa kwenye foleni wiki nzima na kuvuta miguu ya Spooler inapoanza na inapozimwa. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika services.msc, tafuta Print Spooler, bonyeza Stop. Fungua folda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa vilivyomo ndani (folda yenyewe iache), rudi ubonyeze Start. Kazi ya dakika moja.

Kundi la pili ni mabaki ya mtandao, na hili ndilo linalotulia kimya na taa ya diski imelala. Kuna ofisi moja Unguja niliitwa, mashine kumi na moja, zote zinachelewa karibu muda ule ule baada ya neno la siri. Fundi aliyenitangulia alishazipiga Windows saba kati yake. Kisa chenyewe: miaka ya nyuma kulikuwa na kompyuta moja chumba cha mhasibu iliyokuwa inatunza mafaili ya wote, kila mashine inaiona kwa herufi Z. Ile kompyuta ilishakufa na kutupwa stoo. Herufi Z ikabaki, na zile saba zilizopigwa upya mtu aliwarudishia kwa mazoea. Kila asubuhi mashine kumi na moja zinamgongea hodi marehemu, zinangoja, zinakata tamaa. Niliandika amri moja kwa kila mashine, nikamaliza kabla ya adhuhuri. Kwako: fungua Command Prompt (dirisha jeusi la kuandikia amri), andika net use, Enter. Ikikuonesha herufi ya kitu ambacho hakipo tena, andika net use Z: /delete, ukibadilisha herufi iwe ile uliyoiona.

Kundi la tatu ni kinga mbili za virusi ndani ya nyumba moja, na hapa mpwa wako kapita karibu na ukweli. Kinga yoyote ina kazi ya kusimama mlangoni na kulikagua kila faili linalofunguliwa. Asubuhi mafaili yanayofunguliwa ni maelfu. Ukiweka walinzi wawili wa kampuni mbili, kila faili linakaguliwa mara mbili, na mlinzi mmoja anamkagua mwenziwe. Windows 10 ina kinga yake, Defender, nayo kwa kawaida inajiweka kando ikiona kinga nyengine imejisajili. Shida inakuja fundi akikuwekea ya kwanza ya kunakili, muda wake ukaisha, akaja akaweka ya pili bila kuing'oa ya kwanza. Au ameing'oa kwa kufuta folda, huduma na kiendeshi vikabaki. Waundaji wa kinga wengi wanatoa programu maalumu ya kuing'olea kinga yao, bure. Itumie hiyo, kisha Restart.

Huduma ukishaijua jina, ndani ya services.msc bonyeza mara mbili juu yake utaona Startup type. Automatic ni kuanza pamoja na mashine. Ile yenye neno Delayed Start inaanza kama dakika 2 baada ya wenzake. Manual inalala mpaka iitwe. Disabled haianzi hata ikiitwa. Mpangilio wangu ni huu: programu usiyoihitaji iondoe kabisa, usihangaike na huduma yake, unayoihitaji mara moja moja iweke Manual, unayoihitaji kila siku lakini si asubuhi ile ile, iweke Delayed Start. Disabled mimi naitumia kwa nadra. Na kila unachobadilisha kiandike kwenye daftari la karatasi: jina, kilivyokuwa, ulivyokifanya, tarehe.

Zinazunguka kwenye WhatsApp orodha za "huduma 50 za kuzima kompyuta iruke". Zifute. Huduma iliyolala haili kitu, kwa hiyo kuizima hakukupi chochote, na mwezi unaofuata unanipigia simu kwamba sauti haitoki au fleshi haisomi. Remote Procedure Call, DCOM Server Process Launcher, Plug and Play, User Profile Service, Windows Event Log, Cryptographic Services: hizi usiziguse hata zikikuudhi. Print Spooler wengine wanaizima kwa usalama. Kwako wewe kuizima ni kufunga duka.

Na daftari likikaa kimya, likakataa kutaja jina? Hutokea. Hapo kuna njia ya nusu kwa nusu. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msconfig, nenda ukurasa wa Services, kwanza kabisa tia alama kwenye Hide all Microsoft services ili wenyeji waondoke kwenye orodha, wabakie wageni. Ondoa alama zote zilizobaki, kisha Restart. Ikiwaka vizuri, mkosaji yumo mle. Rudishia nusu, Restart. Ikiwa nzuri bado, mkosaji yumo katika nusu nyengine; ikiharibika, yumo katika nusu uliyoirudisha. Wakiwa wageni 16 na mkosaji ni mmoja, unampata kwa mizunguko minne: nane, wanne, wawili, mmoja. Ifanye siku ya mvua, duka halina watu. Na ukiwa ndani ya msconfig utauona ukurasa wa Boot wenye Number of processors. Kuna video zinasema uweke namba kubwa mashine iwake upesi. Windows inatumia zote toka zamani. Pale panatumika kuzipunguza, kwa majaribio, basi.

Programu za baada ya neno la siri ni rahisi: Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ukurasa wa Startup, zima usizozihitaji. Sina la ziada hapo.

Tuje kwenye jioni, ambako mimi ndiko kuliponishangaza. Kuzima ni mwito ule ule kwa kinyume: msimamizi anaiambia kila huduma ifunge. Katika Windows 10 muda wa kawaida wa kuisubiri huduma inayosita ni sekunde 5. Windows 7 ilikuwa 12, na XP ya zamani 20. Zipo chache zinazoruhusiwa kuomba muda zaidi, kama ile ya masasisho, na ndiyo maana siku ya sasisho kuzima kunarefuka na hupaswi kuchomoa. Lakini dakika 6 kila siku haziji kwa sekunde tano tano. Kuna kitu chengine.

Kwanza iambie Windows isikufiche. Fungua regedit (ndiyo inayofungua mipangilio ya ndani ya Windows) kwa kitufe cha Windows na R, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System, tengeneza thamani ya aina ya DWORD uiite VerboseStatus, thamani 1. Kuanzia hapo, wakati wa kuwaka na kuzima itakuandikia inafanya nini, na ikikwama kwenye huduma utasoma jina lake. Ipige picha kwa simu.

Ninayemshuku zaidi, kwa mashine iliyopita mikononi mwa mafundi wengi, ni kitu kinaitwa ClearPageFileAtShutdown. Kipo HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Session Manager\Memory Management. Kawaida ni 0. Ikiwa 1, kila ukizima Windows inalijaza sifuri faili la pagefile.sys (mahali inapomwaga ziada ya ram) lote, kwa ajili ya siri za maofisi makubwa. Kwenye ram ya GB 4 faili hilo linaweza kuwa GB 6, na diski ya zamani inayoandika MB 40 kwa sekunde inahitaji dakika 2 na nusu kwa hilo peke yake. Irudishe 0. Steshenari haina siri hiyo.

Jirani yake kuna thamani inaitwa WaitToKillServiceTimeout, nayo ndiyo kila video inakwambia uipunguze mpaka 1000. Usiipunguze. Ile programu yako ya hesabu, kama inatunza data zake kwa huduma yake yenyewe, inahitaji hizo sekunde kumalizia kuandika mauzo ya leo. Ukiikata koo asubuhi utakuta mashine imewaka upesi na daftari la wadeni limeharibika. Zoea kuifunga programu ya hesabu kwa mkono, uhesabu mpaka kumi, ndipo uzime.

Ukimaliza yote hayo, na taa ya diski bado inawaka mfululizo dakika 3 au 4 za mwanzo, hapo fundi wako ana nusu ya haki. Diski ya kuzunguka na ram GB 4 ni kidogo kwa Windows 10. Ram ikijaa, ziada inamwagwa kwenye diski ile ile ambayo kila mtu anaigombania. Tena tazama kwenye System, mistari iliyoandikwa disk: namba 7 ni sehemu ya diski iliyokufa, namba 153 ni ombi lililobidi lirudiwe. Ukiziona zinajirudia, acha kila kitu, nakili mafaili ya wateja na hesabu zako kwenye diski ya nje siku hiyo hiyo, maana hapo kweli chuma kinakufa. Usipoziona, diski ni polepole tu, si mgonjwa. SSD (diski ya upesi isiyozunguka) ya GB 240 na ram ifike GB 8, mashine ya mezani ya mtumba inazikubali zote mbili kwa bei iliyo mbali sana na kununua nyengine. Ila safisha kwanza, ndipo ubadilishe. Ukihamishia uchafu kwenye SSD, yale masubirio ya sekunde 30 yanabaki sekunde 30. SSD haimfufui aliyekufa mtandaoni. Na UPS (betri inayoshika mashine umeme ukikatika), hata ndogo, iwe mbele ya vyote hivi.

La mpwa wako la kuondoa kinga yote, hapana. Wewe unachomekewa fleshi za watu thelathini kwa siku, za skuli, za maofisini, za vijana wa muziki. Hakuna mashine Wete inayohitaji mlinzi kuliko yako, hasa kwa kuwa Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Bakisha moja, Defender inatosha, na ukaguzi mkubwa wa diski nzima uupangie saa ya chakula cha mchana badala ya asubuhi. Lakini kijana anaonekana ana hamu ya kazi. Mpe yeye regedit na msconfig, wewe ushike saa na daftari.